Aliyefufuka Ukurasa wa Arobaini na Tisa

Wembe hakuwa amewahi kumsifu mwandishi aliye hai. Wafu aliwasifu, tena kwa kipimo, kama mtu anayetia chumvi kwenye uji wa mgonjwa. Kila Jumamosi safu yake ya uhakiki wa vitabu ilitoka ukurasa wa kumi na mbili wa gazeti, na kila Jumamosi kulikuwa na mwandishi mmoja mahali fulani aliyeshinda kitandani kaugeukia ukuta. Ndiyo maana Fundi Gundi alipomwona binti yake anaingia mbio na gazeti mkononi, aliweka brashi chini na kushika ukingo wa meza.

"Baba! Wembe kaandika!"

"Kamwandika nani?"

"Mama!"

"Damu nyingi?"

"Hakuna damu, Baba. Kasifu!"

Fundi alimtazama binti yake, msichana wa miaka kumi na tano ambaye nyumba nzima ilimwita Kasuku kwa sababu alianza kusema kabla ya kutambaa na hajanyamaza mpaka leo. "Soma tena hilo jina," alisema. "Huenda kuna mwandishi mwingine."

Hapakuwa na mwingine. Mke wa Fundi Gundi alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya serikali, mwanamke wa mafaili na vumbi, na kwa miaka saba alikuwa ameandika riwaya moja tu. Ilihusu reli ya kwanza, ile iliyojengwa wakati babu zao hawajaoa, na msichana mmoja aliyewabebea maji wajenzi. Aliiita *Maji ya Reli*. Mchapishaji aliurudisha mswada na kikaratasi kimebanwa juu yake: "Vijana hawapendi mambo ya kale. Jaribu mapenzi." Fundi alikisoma kikaratasi kile, akakichana vipande vinne, akasema kazi yake ni kujalidi vitabu vya watu wengine tangu ujana, sasa atajalidi cha mke wake. Walilipia karatasi zipigwe chapa kwenye kiwanda cha uchochoroni, wakazikunja wenyewe, wakazishona wenyewe, nakala mia tatu. Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa kazi za wateja, kwa hiyo walitumia kitanda cha ndani kama meza.

"Mama! Mke wangu! Njooni!"

Mama yake Fundi alitoka jikoni na kisu cha vitunguu. Mke wake alitoka uani, povu la sabuni likiwa mpaka viwikoni. Kasuku akapanda juu ya kigoda na kusoma kwa sauti ya redio.

"'Riwaya ya kihistoria kwa vijana mara nyingi ni somo la darasani lililovishwa kaptula. Hii sivyo. Hapa mna jasho, mna kutu, mna utani wa watu wenye njaa.'"

Bibi alipiga kigelegele. Hakungoja zaidi.

"Bibi, bado! 'Lakini ushujaa wa mwandishi huyu uko katika mpangilio. Ukurasa wa themanini, kaka yake msichana anaanguka kutoka darajani. Sentensi inakatika kama pumzi: *Mbeba Maji akaiachia ndoo, akapiga ukelele, na*... Tunafunua. Tunakuta nini? *Kaka yake akacheka mpaka akakaa chini.* Amefufuka! Hata namba za kurasa zimeasi: baada ya themanini inakuja arobaini na tisa. Mwandishi anatukumbusha kwamba historia haifi. Historia huinuka, ikacheka. Ujasiri kama huu sijauona kwa miaka ishirini.'"

Kasuku alishuka kigodani akisubiri makofi. Hayakuja.

"Mimi sikuandika hivyo," alisema mama yake.

Povu lilikuwa linamdondoka mikononi, tone kwa tone, sakafuni. Fundi tayari alikuwa amepiga magoti mbele ya boksi la nakala zilizobaki. Alifungua ya kwanza: sawa. Ya pili: sawa. Ya sita ilikuwa kutoka kifurushi kingine, na aliifungua akaifunga hapo hapo, kama mtu aliyefungua bafu akakuta mgeni.

Ieleweke jinsi kitabu kinavyozaliwa. Karatasi kubwa moja hukunjwa mara tatu, ikatoa kurasa kumi na sita. Huo ndio mkunjo. Mikunjo hupangwa kwa mafungu, mafungu yakawekwa safu moja, na mtu huyazunguka akichukua mmoja mmoja kwa zamu, wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka mkononi ana kitabu kizima kinachongoja sindano. Aliyekuwa akizunguka kitanda ni Bibi. Hakuhitaji namba, aliyajua mafungu kwa mahali yalipo: la kwenye mto, la dirishani, la ukutani, la ubavuni kwa baba, la ubavuni kwa mama, la miguuni.

"Mama," alisema Fundi polepole, "kuna siku ulihamisha fungu?"

Bibi alikitazama kisu chake cha vitunguu. "Siku ile jirani alikuja na kichanga chake," alisema. "Miskini, mtoto ana usingizi, kichwa kinaanguka huku na huku. Nikasema mlaze hapa. Nikasogeza mafungu mawili. Alipoamka nikayarudisha."

"Mahali pake?"

"Mahali pake!" Akakifuta kisu kangani. "Au mahali pa mwenzake."

Mafungu mawili yalibadilishana ubavu, la nne likakaa pa la tano, na nakala thelathini zikashonwa hivyo. Nakala zote nyingine zilikuwa sahihi, na wengi walionunua walikuwa wanafunzi wa shule ya Kasuku. Lakini thelathini zile ndizo zilizokauka asubuhi Fundi alipokuwa na haraka ya kupeleka vitabu gazetini, na kwa wajumbe wa kamati ya vitabu vya shule.

"Nimemuua mkwe wangu," alisema Bibi akikaa chini.

"Hujaua mtu, Mama," alisema mkwe wake. "Umefufua." Na kicheko kikamtoka puani bila ruhusa yake, kisha kikamwambukiza Kasuku, kisha Fundi, mpaka Bibi naye akacheka huku analia na kuvisingizia vitunguu.

*

Kicheko kile kilidumu mpaka Jumatatu.

Jumatatu mwandishi alifika kazini akakuta mkuu wa masjala, bwana ambaye kwa miaka tisa alimwita "wewe wa mafaili", amemwekea kiti chenye mgongo. Mhasibu aliyekuwa hamsalimii alimwomba saini. Mlinzi wa getini alimsimamisha, akafunua gazeti alilolikunja ndani ya kofia, akamsomea safu nzima kana kwamba yeye hakuiona. Kila aliyempongeza alisema neno lile lile: "Na yule kijana kufufuka! Ulifikiriaje?" Naye alitabasamu, na kila tabasamu lilimkaa mdomoni kama punje ya mchanga.

Jioni barua ilikuja. Kamati ya vitabu vya shule ilimwalika ukumbi wa maktaba Jumatano alasiri. Wembe, mshauri wa kamati, angezungumza juu ya kitabu mbele ya umma, na baada ya hapo kamati ingetangaza uamuzi wake. Walikuwa wakifikiria nakala elfu tatu, kwa shule zote, "kwa mpangilio ule ule wa kipekee".

Fundi aliisoma barua mara mbili. Elfu tatu! Aliviona vitabu vimepangana mpaka darini.

"Mke wangu," alianza, kwa ile sauti ya mume anayejua anachokisema ni upuuzi lakini anakitamani, "mimi naweza kuvishona vyote elfu tatu kwa kosa hilo hilo. Kosa la mara moja ni kosa. La mara elfu tatu ni mtindo."

"Baba!" Kasuku aliruka. "Yule kaka amekufa! Darasa zima tulilia. Mwalimu wa hesabu alilia, akasema ni chaki."

"Nani atakubali azikwe na asomwe na watu mia mbili, kama anaweza kufufuka akasomwa na elfu tatu? Muulize mwenyewe."

"Nitakwenda mimi," alisema Bibi. "Nitasema ni mimi. Mimi mzee, watanifanya nini?"

Mwandishi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda kile kile, ubavuni kwa mama.

"Mnajua kinachoniuma?" alisema. "Leo siku nzima nimetembea mjini kama mtu. Watu wananipisha. Halafu nakumbuka, anayepishwa si mimi. Ni kitanda chetu." Aliikunja barua kwa ukucha, mkunjo mmoja mkali. "Na nikisema kweli, Wembe ataaibika mbele ya watu. Mtu wa namna ile akiaibishwa, atakizika kitabu kina cha futi sita, na hakuna kichanga kitakachokifufua."

"Kwa hiyo utasema au hutasema?" aliuliza Kasuku.

"Sijui, mwanangu. Nitajua nikifika."

*

Ukumbi ulijaa. Nyumba nzima ilikaa safu ya pili: Fundi na koti lake la harusi, Bibi na mkoba wake mapajani, Kasuku na wanafunzi wenzake nyuma yao. Mwandishi aliwekwa jukwaani, kando ya mwenyekiti wa kamati, mama mnene mwenye sauti ya upole na kalamu tatu nyweleni.

Wembe alikuwa mtu mdogo kuliko jina lake. Suti ilimzidi mabega. Lakini alipofungua mdomo ukumbi ulijikunyata. Alizungumza nusu saa juu ya wakati unaovunjika, juu ya sentensi inayokata roho, juu ya namba zilizogoma kama wafanyakazi wa reli wenyewe. Alizungumza vizuri, huo ndio ukweli, na Fundi Gundi alijikuta anajivunia kosa lao kama mtoto aliyefaulu mtihani wa jirani.

Mwenyekiti aliomba maswali. Nyuma ya Fundi akasimama msichana wa darasa la Kasuku, miwani yake imefungwa mkono mmoja kwa uzi, kitabu kifuani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, mbona kwenye changu hafufuki? Kwenye changu anakufa. Halafu dada yake anabeba maji kesho yake, kwa sababu wenzake bado wana kiu. Mimi niliona hapo ndipo penyewe."

Wembe alitabasamu kwa midomo tu. "Binti, kusoma si kupanga foleni bombani, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hukuelewa. Si kosa lako. Kirudie ukiwa mkubwa."

Watu walicheka, si wengi, lakini walitosha. Msichana alikaa. Alikivuta kitabu chini ya paja lake, akakikalia, kama mtu anayeficha kiraka.

Mwandishi alikiona kile kitendo. Fundi naye alimwona mke wake akikiona, na akajua, kama anavyojua gundi iliyokwisha kushika, kwamba hapo hapabanduki tena. Elfu tatu zikaruka dirishani. La ajabu ni kwamba moyo wake uliruka nazo kwa furaha.

"Samahani, mzee," alisema mke wake, akisimama. "Binti huyu amesoma sawasawa. Katika ukumbi huu, yeye amesoma kitabu nilichokiandika. Wewe umesoma kilichokosewa kushonwa."

Kalamu moja ilianguka kutoka nywele za mwenyekiti.

"Vitabu vyangu tulivijalidi nyumbani, juu ya kitanda. Mafungu mawili ya kurasa yalibadilishana mahali. Ule mpangilio ulioupa sifa sikuubuni mimi. Aliubuni mtoto wa jirani, wa miezi saba, aliyekuwa na usingizi."

"Na mimi nilimsaidia!" Bibi alikuwa amesimama, mkoba umekumbatiwa. "Nilihamisha fungu la baba nikaliweka kwa mama. Ni mimi! Huyu mkwe wangu hana kosa."

Ukumbi ulipasuka. Walicheka wazee, walicheka wanafunzi, alicheka hata mpiga picha wa gazeti mpaka kamera ikatikisika. Hakikuwa kicheko cha kumcheka mwandishi, bali cha watu waliotishwa na Wembe miaka ishirini. Wembe mwenyewe hakucheka. Alizikusanya karatasi zake, akazigonga ukingo mezani mara mbili, akatoka kwa mlango wa pembeni, mabega ya suti yakimfuata kwa mbali.

Mwenyekiti alisubiri utulivu. "Kamati haiwezi kuamua juu ya kitabu ambacho haijakisoma," alisema. "Leteni nakala sahihi. Na mshauri wetu naye itabidi atupe maoni upya." Alimgeukia mwandishi, akashusha sauti. "Mwanangu, hapo kwa mshauri ndipo penye kazi. Mimi sikudanganyi."

Lakini mlangoni msichana wa miwani ya uzi alikuwa anangoja, kitabu kimetoka mafichoni, na nyuma yake walikuwa wanafunzi ishirini. "Andika," alisema msichana, akimpa kalamu, "kwamba nilielewa."

Mwandishi aliandika: "Alielewa kabla ya wakubwa wote." Akatia saini. Mtaani walirudi wakicheka hivi kwamba watu walidhani wametoka harusini.

*

Jumamosi safu ya Wembe haikutoka. Ukurasa wa kumi na mbili ulijazwa tangazo la mabati.

"Anatunolea makali," alisema Fundi.

"Hodi," alisema mtu mlangoni.

Alikuwa Wembe, bila suti, amevaa shati la mikono mifupi, na bila suti alifanana na mwalimu mstaafu yeyote anayetafuta dawa ya panya. Mkononi alikuwa na nakala yake, imejaa vikaratasi vya alama. Fundi alisahau kumkaribisha. Bibi ndiye aliyekumbuka.

"Karibu, baba. Umekuja kwa heri?"

"Nimekuja kubadilishiwa kitabu," alisema Wembe. "Niliuziwa kibovu."

"Hukuuziwa, ulipewa," alisema Bibi. "Na hapa hatubadilishi, tunatengeneza. Lete."

Nakala sahihi zote zilizobaki zilikuwa zimekwisha chukuliwa na kamati. Hiyo ndiyo kweli. Fundi alikipokea kitabu, akakilaza mezani, akapitisha kisu mgongoni. Uzi ulikatika kwa mlio mdogo. Wembe alishtuka kama aliyekatwa yeye. Bibi alimvutia kigoda.

"Kaa. Utashika mikunjo. Usiichanganye."

"Mama, mimi nina digrii tatu."

"Ndiyo maana nakuonya."

Mwandishi alitoka ndani, akamkuta mtu aliyemwogopa maisha yake yote amekaa kwenye kigoda cha Kasuku, magoti karibu na masikio, karatasi zimepangwa mapajani. Walisalimiana kwa kutikisa vichwa. Hakuna aliyetaja Jumatano. Fundi alitia nta kwenye uzi, akashona mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Wa nne," alisema, akinyoosha mkono.

Wembe hakumpa. Alikuwa anausoma. Alisoma kurasa za utani, kaka akicheka mpaka akakaa chini, na mara hii, kwa kuwa kijana hajafa bado, Wembe naye alicheka, kicheko kikavu cha mtu asiyekitumia mara kwa mara. Kisha akaupitisha wa nne, akashika wa tano.

"Wa tano, mzee."

"Subiri."

Sindano ilibaki hewani. Kasuku, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alinyamaza. Gundi kwenye kopo ilianza kuota ngozi juu, kitu ambacho Fundi hakuwahi kukiruhusu, na akakiruhusu.

"Mzee, kama unataka chai..." alianza Bibi.

"Nyamazeni," alisema Wembe bila kuinua macho. "Bado anapanda."

Walingoja. Nje mtu alikuwa anapiga viatu brashi. Wembe alifunua ukurasa, akarudi nyuma mstari mmoja, akaenda mbele tena, taratibu, kama anayeshuka ngazi gizani. Alipofika mwisho hakufunua kitu. Alivua miwani, akaiweka juu ya goti.

"Ulimtoa wapi?" aliuliza.

"Kwenye faili," alisema mwandishi. "Mstari mmoja tu. 'Mbeba chuma mmoja, ameanguka. Mshahara wake usitishwe kuanzia saa nne.'"

"Jina?"

"Hawakuliandika."

Wembe alitikisa kichwa muda mrefu. Aliuinua mkunjo wa tano, akaugonga ukingo juu ya goti ili ulingane, kama alivyomwona Fundi akifanya, lakini hakuutoa.

"Niliandika kwamba kijana anafufuka ili tujue historia haifi," alisema. "Maneno mazuri yale. Nilijipenda nilipoyaandika. Leo ningeyatoa yote, mwandishi, na ya miaka ishirini juu yake, kama huyu kijana angeamka kweli."

"Hata mimi, mzee," alisema mwandishi. "Miaka saba nilijaribu. Hakukubali."

Ndipo Wembe akampa Fundi mkunjo. Alikaa mpaka jalada lilipobanwa, akakataa chai mara mbili, akainywa mara ya tatu. Alipoondoka alisema kamati ataiandikia leo leo, na kwamba barua itakuwa fupi, kwa kuwa safari hii hana la kuongeza. Fundi alimsindikiza mpaka kona. Aliporudi alimkuta mama yake na binti yake wamesimama katikati ya chumba, vidole midomoni, wakimwashiria asikilize.

Uani, nyuma ya kamba ya nguo, palisikika kigelegele kimoja kirefu, cha mtu anayejipigia mwenyewe.